Mchumi, mwanasosholojia, mtakwimu au mchumi kilimo: nani akufanyie utafiti wa sera Nyanda za Juu Kusini?

Mashirika madogo ya Iringa, Njombe na Mbeya yakitangaza nafasi ya mtafiti, tangazo huwa ni lile lile: awe na shahada ya uchumi, sosholojia, takwimu, maendeleo ya jamii "au fani inayoshabihiana". Maombi yanakuja, bodi inakaa, wanaangalia chuo na ufaulu, anachukuliwa aliyejieleza vizuri siku ya usaili. Baada ya miezi kadhaa ripoti inaletwa, nene, majedwali mazuri, na lile swali lililowafanya watafute mtafiti liko pale pale.

Kazi yangu hunikutanisha na ripoti za namna hiyo, na nimefikia mahali nasema wazi: fani hizi hazishabihiani. Kila moja inamzoeza mtu kuuliza jambo fulani na kulipita jingine bila kuliona. Kwa hiyo ukiwa kwenye bodi ya shirika, ofisi ya mipango ya halmashauri au uongozi wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao cha wakulima), usiishie kuuliza mwombaji anajua nini. Uliza atapita nini bila kukiona, na kama ninyi mnaweza kubeba hasara hiyo.

Udumavu: mchumi na mwanasosholojia mezani pamoja

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Iringa, Njombe na Rukwa zinalisha nchi mahindi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe ilikuwa 50.4, Rukwa 49.8, na wastani wa taifa 30. Ghala limejaa, mtoto amedumaa.

Mpe mchumi swali hilo. Atakwenda moja kwa moja kwenye kipato, bei na matumizi. Atakuonyesha kwa nini kaya inauza mahindi mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, halafu inanunua yale yale miezi ya masika bei ikiwa imepanda. Atapima kama kaya zilizoingia kwenye parachichi zinanunua mayai na samaki zaidi ya zile zilizobaki na mahindi, na ana mbinu za kutenganisha athari ya kipato na athari ya elimu ya mama. Hiyo si kazi ndogo, na hakuna fani nyingine hapa inayoifanya vizuri kama yeye.

Anachokipita ni kilichomo ndani ya kaya. Hojaji yake inajibiwa na mkuu wa kaya, na mara nyingi mkuu wa kaya ni baba. Kipato kikishaandikwa, kinahesabiwa kana kwamba kinaingia chungu kimoja na kupakuliwa sawa kwa wote. Wachumi wenyewe wanalijua tatizo hili na wameliandikia sana, lakini hojaji inayokwenda Kilolo au Ludewa bado huwa na nafasi ya jina moja la mjibu.

Mwanasosholojia au mwanaanthropolojia anauliza mambo mengine kabisa. Nani anaamua debe lipi liuzwe na lipi libaki? Pesa ya mahindi inashikwa na nani, na pesa ya mboga inashikwa na nani? Msimu wa kupalilia mama anatoka nyumbani saa ngapi, mtoto wa mwaka mmoja anabaki na nani, na saa nne asubuhi anakula nini? Akikaa kijijini wiki mbili anaweza kukuta kwamba uji ulipikwa alfajiri, mwepesi, wa sembe iliyokobolewa, na anayemnywesha mtoto ni dada yake ambaye naye ni mtoto. Jedwali la matumizi ya kaya litakuambia unga ulikuwepo. Halitakuambia habari ya saa nne.

Kwetu huku mbinu hiyo si ngeni. Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey, wote wanaanthropolojia, waliishi Rungwe kati ya Wanyakyusa, wakajifunza lugha na kuandika kuhusu vijiji vilivyopangwa kwa rika. Walikuja wakati wa mkoloni na hilo lina uzito wake, lakini kazi yao bado inaonyesha jinsi mtu anavyopata majibu ambayo mgeni wa siku moja mwenye karatasi hapewi.

Upungufu wa mwanasosholojia uko kwenye idadi na gharama. Atakuletea kaya 20 anazozijua kwa undani, na hatakuwa na njia ya kukuambia kama zinafanana na maelfu mengine. Mkurugenzi wa halmashauri akiuliza mpango wa malezi ya watoto wakati wa kilimo utagharimu shilingi ngapi kwa mtoto mmoja, jibu halitakuwepo. Nimeona ripoti nzuri za aina hii zikiwekwa kabatini kwa sababu hiyo tu, na inasikitisha, maana waliohojiwa walitoa siri za nyumba zao.

Nisiwaonee wachumi. Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ni mchumi, naye ndiye aliyeonyesha kuhusu njaa ya Bengal ya mwaka 1943 kwamba watu wanaweza kufa njaa hata pale ambapo chakula hakijapungua kiasi cha kueleza vifo vile. Swali lake lilikuwa nani ana uwezo wa kukipata chakula hicho. Ila Sen alisoma na kufundisha falsafa pia. Ukimpata mchumi wa namna hiyo Iringa, usimwache.

Kwa swali la udumavu, mimi ningemweka mwanasosholojia mbele na mchumi nyuma yake. Kwanza tujue kinachotokea nyumbani, kisha tuhesabu ni kaya ngapi na kwa gharama gani.

Gunia, lumbesa na kinyungu: hapa mchumi kilimo hana mpinzani

Watu wengi wa bodi humwona mchumi kilimo kama mchumi wa daraja la pili. Wanakosea, na nitaeleza kwa viazi.

Chukua karani wa utafiti kaingia kwenye nyumba ya mkulima Isyonje, tableti mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, kaa hapo."

"Asante mama. Msimu uliopita mlivuna magunia mangapi ya viazi?"

"Yalifika arobaini."

Karani anaandika 40. Programu, jinsi ilivyopangwa na mchumi aliyeko mjini, inazidisha kwa kilo 100 na kuandika kilo 4,000. Lakini mama anazungumzia lumbesa, gunia lililojazwa likavuka mdomo wake likaongezewa kilemba juu na kushonewa kwa kamba. Lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya vipimo, na kila mtu anayepita barabara ya Uyole ameiona. Tuseme kila gunia limezidi kwa kilo 30. Tani moja na kilo 200 za jasho la mama yule zimetoweka kwenye takwimu. Kibaya zaidi, bei aliyolipwa kwa gunia ikigawanywa kwa 100 badala ya 130, ripoti itaonyesha analipwa vizuri kwa kilo kuliko alivyolipwa kweli. Sera itakayotoka hapo itasema wakulima wa viazi wana nafuu.

Mchumi kilimo aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, au aliyepitia kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole akifanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa mbegu na udongo, angeuliza swali la pili kabla kalamu haijagusa karatasi: "Gunia lipi mama, la kawaida au lumbesa? Lilikuwa madebe mangapi?" Anajua pia kwamba mahindi mabichi yaliyochomwa na kuliwa hayaingii kwenye hesabu ya mavuno, na kwamba mkulima anayesema amepanda maharage aina ya Njano Uyole huenda amepanda mbegu aliyoitunza mwenyewe misimu kadhaa.

Kisha kuna vinyungu. Mtu wa Iringa au Njombe haambiwi kinyungu ni nini: bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, matuta ya mboga, maharage, mahindi ya kuchoma. Wanawake wengi wanapata humo pesa ya ada na chumvi. Ukiuliza "mna shamba ekari ngapi?", utajibiwa ekari za mlimani. Kinyungu hakitajwi, kwa sababu wengi hawakiiti shamba.

Hilo lina matokeo ya kisera, tena makubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na vinyungu vingi viko hapo hapo. Halmashauri ikitaka kujua kuwaondoa watu mabondeni kutaathiri kaya kiasi gani, mtafiti ambaye hojaji yake haikuuliza vinyungu atajibu kwamba athari ni ndogo. Hatakuwa amedanganya, takwimu zake ndizo zitakazosema hivyo.

Upande wa pili, mchumi kilimo anaona kila kaya kama shamba. Binti aliyetoka Iringa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, kwake ni nguvukazi iliyopungua. Kijana anayevusha mizigo Tunduma ni "kipato nje ya kilimo", mstari mmoja mwishoni mwa hojaji. Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 wakati taifa ni 4.4, kuna bibi wanaolea wajukuu peke yao. Maisha yao huwezi kuyaelewa kwa kuanzia ekari na mbolea.

Mtakwimu: mnamhitaji kwa siku chache, si kwa mwaka

Mtakwimu aliyepikwa vizuri, kwa mfano kwenye Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam, atakuokoa kwenye jambo moja ambalo wengine wote hulikosea: nani ahojiwe. Atakuambia kwamba vijiji vitatu vilivyo kando ya lami haviwakilishi wilaya. Atakuambia pia kwamba ile 56.9 ni ya mkoa wa Iringa, sampuli ya utafiti ule haikupangwa kutoa jibu la kila wilaya, kwa hiyo Kilolo au Mufindi haziwezi kuichukua na kuiita yao. Sijui ni mara ngapi nimeona andiko la mradi wa kata moja likianza kwa takwimu ya mkoa mzima kana kwamba ni ya kata.

Yeye pia ndiye anayefahamu namba za umaskini zinapikwaje. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulisema asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mtu asiyejua mstari huo umechorwaje ataitumia ile asilimia vibaya.

Lakini mtakwimu hakuzoezwa kuulizia maana. Swali la gunia akilikuta kwenye hojaji, atahakikisha limeulizwa kwa watu sahihi na kwa idadi sahihi, nalo litaendelea kuwa swali bovu. Shirika dogo linaloajiri mtakwimu wa kudumu linapoteza pesa. Mlipe siku chache mwanzoni apange sampuli, na siku chache mwishoni apitie uchambuzi.

Ardhi na maji yana wenyewe

Swali likigusa ardhi, mwanasheria mtafiti anawapita wote. Tume ya uchunguzi wa masuala ya ardhi iliyoundwa mwaka 1991 iliongozwa na Issa Shivji, mwanasheria, ikazunguka nchi ikisikiliza wananchi. Baadaye, mwaka 1999, zikaja Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, hata kama si kila kilichopendekezwa na tume kilikubaliwa. Leo Mufindi na Njombe, ambako watu wa mjini wananunua ardhi ya kupanda miti, huwezi kutafiti umaskini bila kujua mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka gani na hati ya hakimiliki ya kimila inamlinda vipi mjane. Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU, chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha kilichopo Iringa, vyote vinafundisha sheria, kwa hiyo watu wapo karibu. Mwangalie tu kwenye jambo moja: mwanasheria huamini kwamba kilichoandikwa ndicho kinachotendeka. Mtume aketi kwenye baraza la ardhi la kijiji kabla hajaandika sura ya kwanza.

Maji ya bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ni habari nyingine. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi tangu miaka ya 1990, na kila mmoja ana wa kumlaumu: mpunga wa Mbarali, ng'ombe, mvua. Hapa ningemtafuta mtu wa sayansi ya siasa, fani ambayo karibu hakuna tangazo la kazi linaloitaja. Elinor Ostrom alikuwa na shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, kwa kazi yake kuhusu jinsi watu wanavyosimamia wenyewe maji, misitu na malisho ya pamoja. Alichunguza mifereji ya wakulima: nani anafungua maji, kwa zamu ipi, anayeiba zamu anafanywa nini. Maswali hayo hayo yako kwenye skimu zetu za umwagiliaji, na mchumi wa bei hayafikii.

Waliobaki, kwa haraka

Maendeleo ya jamii na mipango ya vijijini, wa Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru au wa Chuo cha Mipango Dodoma, wanajua kuendesha mkutano, kuandaa mpango wa kijiji na kuzungumza na mtendaji wa kata bila kumkwaza. Ni hodari wa kukusanya taarifa na kurudisha majibu kwa wananchi. Wengi wao wamefundishwa kutekeleza sera, si kuihoji, na ripoti zao mara nyingi huisha kwa kuomba semina. Wa afya ya jamii na lishe wanapima vizuri na wanafuata maadili ya utafiti kuliko sisi wote, kwa sababu fani yao imewabana hapo. Bei na soko si eneo lao.

Wasifu usomwe vipi

Shahada ya kwanza inaonyesha mtu alizoezwa kuuliza nini alipokuwa bado mbichi, kwa hiyo ianze kusomwa yenyewe. Shahada ya pili ikiwa ya fani tofauti, hiyo ni heri. Esther Duflo, mmoja wa waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019, alianza na historia. Mwenye sosholojia kisha akasoma uchumi kilimo ananivutia kuliko mwenye shahada tatu za uchumi mtupu, hata kama ufaulu wa huyu wa pili uko juu.

Halafu angalia kama mwenyewe amewahi kuhoji watu. Kuna watafiti wenye majina ambao wamekuwa wakituma makarani miaka yote. Muulize ni swali gani kwenye hojaji yake ya mwisho lilibadilishwa baada ya majaribio, na kwa nini. Aliyekwenda shambani atakuwa na jibu papo hapo. Asiyekwenda ataeleza nadharia.

Siku ya usaili mpe ukurasa mmoja wa hojaji iliyoandikwa vibaya kwa makusudi: uwe na magunia yasiyotajwa ukubwa, ekari zisizotaja bondeni, na mjibu mmoja kwa kaya nzima. Mwache nayo nusu saa. Atakayosahihisha yatakuambia fani yake inaona nini, na atakayoyaacha yatakuambia zaidi.

Lugha nayo ihesabiwe. Kiswahili kinatosha kwa mengi, lakini mazungumzo kuhusu ugomvi wa mali au ulanzi nyumbani hubadilika mara tu mtafiti anaposema "kamwene", salamu ya Kihehe na Kibena, na kuelewa kinachofuata. Kama hajui Kihehe, Kibena wala Kinyakyusa, bajeti iwe na mkalimani mwanamke, asiwe ndugu wa mwenyekiti wa kijiji.

Kama pesa ni ya mtu mmoja

Wengi wenu hamna pesa ya timu. Kwa shirika la kawaida la huku, ambalo kazi zake zinagusa kilimo, lishe na kipato kwa pamoja, mimi ningemchukua mchumi kilimo ambaye ameishi kijijini na hana aibu ya kuuliza mambo ya jikoni. Makosa ya vipimo yanaharibu kila kitu kinachofuata, na yeye ndiye anayeyazuia. Ningenunua siku za mtakwimu kwenye sampuli na uchambuzi, na ningemlipa mwanasosholojia mwezi mmoja atangulie kabla hojaji haijaandikwa. Wakija wote watatu mwishoni, baada ya data kukusanywa, mmechelewa.

Kama kazi yenu ni watoto na lishe tu, geuzeni: mwanasosholojia awe wa kudumu, mchumi kilimo awe wa mkataba mfupi. Kama ni ardhi, mwanasheria kwanza. Na kama ni kutathmini ruzuku au mpango wa kunusuru kaya maskini, ambako swali kubwa ni pesa hii imeleta badiliko au badiliko lingekuja lenyewe, hapo mchumi halisi ana nafasi yake na msimpe mtu mwingine.

Kwa yeyote mtakayemchagua, andikeni kwenye mkataba siku za kurudi vijijini na matokeo kabla ripoti haijafungwa, na zilipiwe. Mama wa Isyonje akisomewa kwamba alivuna kilo 4,000, atacheka na kuuliza zile nyingine zilikwenda wapi, na mtafiti wenu bado atakuwa na muda wa kurekebisha.